Majibu ya Chupa ya Kwanza

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi za chuo. Kondakta wa basi atakuletea boksi. Ndani mna chupa tatu za maji, nimezifunga kwenye fulana yangu kuukuu zisigongane. Fulana usiirudishe.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Maneno ya simu hayana tarehe wala sahihi, na hili nataka liwe na vyote viwili.

Darasa langu la mazingira mwaka huu lina watu kumi na tisa, wote watu wazima. Nina mafundi cherehani wawili, mlinzi wa ghala, kinyozi, dereva mstaafu anayekosoa kila ninachosema, na mama mmoja tunayemwita Mama Pacha, maana huja na mapacha wake wa miaka miwili, mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono. Kila Jumanne na Alhamisi tunashuka kwenye kijito nyuma ya chuo na ndoo na daftari, tunahesabu viumbe. Mwaka jana tulihesabu viluwiluwi mpaka tukachoka. Mwaka huu, wiki ya tatu sasa, hatujaona hata kimoja. Vyura kimya. Dereva mstaafu anasema wamehamia mjini kutafuta kazi.

Nilicheka, lakini moyo haukucheka. Chupa ya kwanza nimeichota juu kabisa, chini ya ua wa karakana za mafundi, huko aliko kaka yako. Ya pili ni ya kidimbwini. Ya tatu ni ya ukingoni, mahali ambapo darasa linataka kulima bustani ya mboga kama kazi ya muhula. Wameshafyeka majani. Nimewaambia jembe haligusi udongo mpaka binti yangu wa maabara apime. Ukisema maji ni mazima, tunalima. Ukisema si mazima, tutamtafuta anayeyachafua, awe awaye yote.

Kaka yako hajambo. Karakana yake ya betri imejaa kazi, hata Jumapili haji kula. Mwambie wewe, mimi hanisikii.

Baba yako


Tarehe 15 Machi

Kaka,

Barua hii isome peke yako.

Baba ameniletea maji ya kijito niyapime. Nimeyapima mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani mashine imekosea, na mara ya pili nilitaka sana iwe imekosea. Chupa iliyochotwa chini ya ua wako ina madini ya risasi mara arobaini ya kiwango kinachoruhusiwa. Maji yenyewe ni makali kama siki. Yale ya kidimbwini yana nafuu kidogo, ya ukingoni nafuu zaidi, lakini hakuna chupa hata moja ambayo ningemruhusu mtu amwagilie mboga.

Betri, kaka. Huko juu hakuna mwingine anayepasua betri.

Nakumbuka lile shimo nyuma ya tanuri lako la kuyeyushia risasi, unapomwaga maji ya betri na mabaki ya sahani zake za ndani. Nililiona nilipokuja likizo nikanyamaza. Nilijiambia ni shimo tu, udongo utanywa. Mimi, ninayepima maji kila siku iendayo kwa Mungu.

Baba anasubiri majibu. Kwa sheria za hapa ningepaswa kupeleka karatasi moja kwake na nyingine kwa ofisi ya mazingira, nao wangekufungia siku ileile. Nimekaa na karatasi hii siku nne. Sijasahau nani aliacha shule ili mimi niendelee. Sijasahau ulivyokuwa ukirudi na mikono imeungua asidi, ukaificha chini ya meza nisione wakati nasoma.

Acha kupasua betri. Tafuta namna ya kulimaliza shimo hilo kwa usalama. Nitakuulizia kwa wataalamu hapa. Ila nijibu upesi, maana siwezi kumzungusha Baba muda mrefu. Ana pua ya mbwa kwa mambo kama haya.

Mdogo wako


Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu, Bibi Maabara,

Umenitia baridi. Nimesoma nikiwa nimesimama, nikaketi kwenye betri ya lori, nikasoma tena. Vijana wangu wakauliza kama kuna msiba.

Sikulijua hilo la kijito, naapa. Najua asidi inakula suruali. Kwamba inatembea chini ya ardhi mpaka kwa mzee, sikujua. Unanijua, mimi ni mtu wa nyundo, vitabu nilikuachia wewe, na sikukuachia kwa ubaya.

Nisikilize. Ukipeleka karatasi hiyo, mimi nimekwisha, na wale vijana watatu na nyumba zao wamekwisha. Na mzee je? Mwalimu wa mazingira, mwanawe ndiye mchafuzi. Watamcheka mpaka kaburini. Nipe mwezi mmoja. Shimo nitalimaliza, nitajenga lingine la saruji, lenye mfuniko, kama mnavyotaka nyie wasomi. Usihangaike kuuliza wataalamu, wataalamu huuliza maswali. Niachie mimi.

Mzee mwambie maji hayana neno. Ni mwezi mmoja tu. Mboga zenyewe haziwezi kukomaa kwa mwezi.

Kaka yako


Tarehe 29 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, hapa kazini tumekuwa na foleni ya visima vya wilaya nzima.

Maji yako nimeyapima. Hayana neno. Yana uchachu kidogo, lakini hiyo hutokea pakiwa na majani mengi yanayooza. Kuhusu vyura, nimemuuliza mwenzangu anayejua viumbe, akasema miaka mingine hupungua wenyewe, hasa jua likizidi, kisha hurudi. Nadhani msiwe na wasiwasi sana. Labda bustani mngeisogeza mwezi ujao, ili mvua ipite kwanza. Ni ushauri tu.

Karatasi yenye mhuri nitakutumia baadaye, mashine ya kuchapisha imeharibika.

Pumzisha goti. Usishuke kijitoni kila mara, waache wanafunzi washuke.

Mwanao


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Barua yako niliisomea darasa zima. Wakapiga makofi, kinyozi akapiga na ndoo. Kuhusu kusogeza mwezi mmoja, tulijadili, tukaona muhula utatuishia mikononi, basi tukaanza siku ileile. Matuta kumi na mawili, kila moja lina kibao. La Mama Pacha ndilo zuri kuliko yote. Yeye hupalilia huku wanawe wamekaa kwenye tope la ukingoni wanafinyanga vikombe. Yule mdogo kila akimaliza kikombe anataka kukila. Mama yake anamtoa tope mdomoni, anacheka, anaendelea na kazi.

Mvua ya tarehe nane ilikuwa kubwa sana. Kijito kilijaa, kikapanda mpaka matutani, kilipopungua kikaacha tope jipya jeusi, laini kama unga. Dereva mstaafu akasema hilo ni mbolea ya bure. Lilikuwa na harufu kali kidogo, lakini nikakumbuka maneno yako kuhusu majani yanayooza, nikawatoa wasiwasi.

Sasa nikupe habari ya kukufurahisha. Kaka yako alikuja kijitoni. Miaka yote hii sijawahi kumwona akikanyaga darasani kwangu. Alikuja siku mbili baada ya mvua, akasimama pale juu ya ukingo akiwatazama watu wakipanda miche. Nikamwita, "Njoo ushike jembe, fundi." Akasema amekuja kuona tu. Akauliza, "Mzee, hawa watoto lazima wakae hapo?" Nikamwambia mtoto lazima aujue udongo, ndilo somo lenyewe. Akaondoka bila kuaga. Nadhani aliguswa. Nadhani anajuta kidogo kuacha shule. Usimwambie nimekuambia.

Karatasi ya mhuri usisahau. Nataka niibandike ukutani darasani.

Baba yako


Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Nakuandikia kwenye benchi la hospitali, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Yule mtoto mdogo wa Mama Pacha amelazwa siku ya sita leo. Alianza na tumbo na kutapika, wakadhani ni minyoo. Kisha akawa analala tu, hataki kucheza. Jumamosi akashikwa na degedege mara tatu. Mwenzake naye tumbo linamuuma, lakini anatembea.

Daktari amenihoji, maana Mama Pacha alimwambia kuhusu bustani. Akauliza kama kuna rangi za zamani chuoni, kama kuna mtu anayechezea betri karibu. Nikamwambia karakana ipo, lakini maji yalipimwa na binti yangu mwenyewe, katika maabara ya serikali, na hayakuwa na kitu. Akaomba karatasi. Nikasema iko njiani. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda, nikamjibu kwa ukali kidogo. Nilimwambia, "Binti yangu simjui kwa kubahatisha. Akisema maji ni mazima, ni mazima."

Mama Pacha alikuwa amekaa hapo. Akasema, "Mwalimu, wala usigombane naye. Mimi nakuamini."

Tafadhali tuma karatasi yenyewe kwa basi la kwanza, ili waache kupoteza muda na maji na watafute ugonjwa halisi.

Baba yako


Tarehe 1 Juni

Baba,

Karatasi ni hii hapa. Mpe daktari kabla hujasoma barua. Nimeshampigia simu hospitalini nikamsomea tarakimu zote, kwa hiyo dawa ya kutoa risasi mwilini ameanza kuitafuta. Tafadhali hakikisha. Huyo mwingine naye apimwe damu leo, na kila aliyekula mboga. Bustani ifungwe.

Tazama tarehe juu ya karatasi. Ni ya tarehe 11 Machi. Nilikuwa nayo siku kumi na nane kabla sijakuandikia kwamba maji hayana neno. Mashine ya kuchapisha haikuharibika. Mwenzangu wa viumbe sikumuuliza chochote. Nilikudanganya, Baba, kwa mkono wangu, nikatia tarehe na sahihi kama unavyopenda.

Sumu inatoka kwenye shimo la kaka. Nilimwandikia yeye kwanza badala yako. Akaniomba mwezi mmoja, akasema atalimaliza shimo. Sikumuuliza kwa njia gani. Uliponiandikia habari za mvua na tope jeusi, nikaelewa. Nilimpigia simu siku hiyohiyo, akakiri: alingoja mvua kubwa, akalizibua shimo ili yote yaliyomo yaende na maji. Kwa hiyo barua yangu ya kumwonya ndiyo iliyoleta tope lile. Kama ningenyamaza kabisa, pengine mtoto asingelilamba.

Hata baada ya hapo nilikaa wiki tano. Kila asubuhi nilifika kazini nikasema leo nitaandika. Nilijidanganya kwamba tope litafagiliwa na mvua nyingine. Sina sababu nzuri ya kukupa. Nilimwogopea kaka, nikakuogopa wewe, na katika hofu zote hizo sikumkumbuka mtoto hata mara moja. Nilikuwa nimesoma kwamba anakula tope, kwenye barua yako, nikatabasamu.

Nimemwambia mkuu wangu wa maabara. Nimesimamishwa kazi tangu jana.

Mwanao


Tarehe 28 Juni

Kwako binti yangu,

Nilisoma barua yako mara moja tu.

Mtoto yu hai. Dawa ilipatikana siku ya pili. Degedege limekoma. Lakini hageuki ukimwita, na maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea. Daktari anasema huenda mengine yatarudi na mengine hayatarudi. Mwenzake damu yake ina risasi kidogo, atapona. Watu wazima sita, pamoja nami, tunatumia vidonge.

Nikueleze niliyofanya, kwa kuwa utayasikia kwa wengine.

Nilianza na kaka yako. Nilimkuta amekaa mbele ya tanuri lililozimwa. Nikamwambia, "Nakwenda ofisi ya mazingira. Nimekuja kukuambia mwenyewe." Akasema, "Mzee, nilijua." Nikamuuliza kwa nini, siku ile ukingoni, hakusema neno. Akasema, "Nilitaka kusema. Nikaona unavyofurahi kuniona." Nilitembea mpaka ofisini, nikaandika jina la mwanangu kwenye fomu yao, na mahali pa uhusiano nikaandika baba. Karani alidhani nimekosea sehemu, akataka kunipa fomu nyingine.

Walifunga karakana Jumatano. Kesi itasikilizwa mwezi wa kumi. Kaka yako wamemwachia kwa dhamana, na amehamia kwa rafiki yake, mtaa wa viwandani. Niliwahi kwenda. Alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa, hakufungua.

Kisha nikawaita wanafunzi wote. Mama Pacha hakuweza kuja, alikuwa wodini. Nikawasomea barua yako ya Machi, kisha ya Juni, bila kuruka neno. Nikawaambia kosa langu ni kubwa kuliko lenu, wewe na kaka yako. Harufu niliisikia kwa pua yangu. Vyura niliwahesabu kwa macho yangu. Miaka ishirini na tatu nawafundisha watu waamini wanachokiona kijitoni, na mimi nikaamini barua kwa sababu ilitoka kwako. Dereva mstaafu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka.

Nimejiuzulu. Mkuu wa chuo anakataa kupokea barua, lakini darasani siendi.

Nakuomba usiniandikie kwa sasa. Sikukatai. Nikiona mwandiko wako kwenye bahasha napoteza hesabu ya vidonge, na nina dozi ya kupima kila asubuhi.

Baba yako


Tarehe 14 Septemba

Kaka,

Anwani yako nimeipata kwa mmoja wa vijana wako. Usimlaumu, nilimsumbua sana.

Nilikwenda nyumbani wiki iliyopita. Baba amekonda. Alinifungulia mlango, akaniandalia chai, tukainywa. Tulizungumza kuhusu goti lake. Hakunifukuza na hakuniuliza nitakaa siku ngapi. Asubuhi nilimkuta amesimama dirishani upande wa kijito. Ukingo wote wameuzungushia waya, watu wa mazingira wanachimba tope kwa koleo na kulipakia kwenye mapipa. Akasema, "Dereva mstaafu ndiye anayeongoza darasa sasa. Wanahesabu mapipa."

Nilimwambia nataka kwenda kwa Mama Pacha. Akasema, "Hakukuita." Nikasema najua. Akanieleza njia.

Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Nilimkuta uani anafua. Nikajitambulisha, nikamwambia mimi ndiye niliyepima maji. Akasema, "Najua wewe ni nani, unafanana na mwalimu." Akaendelea kufua. Nilikuwa nimejiandaa, kaka, nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga safari nzima. Nikayasema yote nikiwa nimesimama mbele ya beseni lake. Nilimwambia kuhusu ile karatasi, na zile siku kumi na nane, na zile wiki tano. Nilimwambia kuhusu barua niliyokuandikia wewe. Sikukutupia lawama, wala sikukuficha. Hakunikatiza. Yule pacha mkubwa alikuwa anazunguka miguuni pake anauliza maswali, "Huyu nani? Huyu nani?", na hakuna aliyemjibu.

Nilipomaliza nikangoja. Nilitaka anitukane. Nadhani nilikwenda kwa ajili hiyo, anitukane nirudi nimepungukiwa mzigo.

Akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na yule mdogo. Ni mzito kuliko unavyofikiri, ana miguu minene. Akasema, "Kaa." Nikakaa kwenye kigoda. Akaniwekea mtoto mapajani, akasema, "Mshike vizuri, shingo yake bado haina nguvu sana. Nina nguo za kuanika."

Akaenda kuanika nguo.

Nilimshika saa nzima, labda zaidi. Alinitazama kifungo cha shati, akakishika, akakiachia, akakishika tena. Nilimwita kwa jina lake, ambalo sikuwahi kulijua mpaka siku hiyo, maana katika barua zetu zote hakuna aliyeliandika. Hakugeuka. Nikamwita tena. Mama yake alikuwa ananisikia kutoka kwenye kamba, hakugeuka naye.

Alipomaliza alimchukua, akasema, "Mimi humshika hivyo kila siku." Hakusema kwa heri. Nami sikuomba msamaha tena, niliona ningekuwa namwongezea kazi.

Kesi yako ni tarehe tisa mwezi ujao. Mimi nitasimama kutoa ushahidi, nitasema yako na yangu. Baba atakuwepo. Lakini kabla ya siku hiyo nenda pale nyuma ya duka la mbao, nenda mchana, nenda peke yako. Usipeleke kitu chochote. Atakuambia ukae.

Mdogo wako